Bi Batuli na Maji ya Kusuuzia

Bi Batuli hakuiamini mashine. Alisimama mbele yake kwenye kibaraza cha nyuma, mikono kiunoni, akiitazama inavyozipindua nepi za mjukuu wake, na kila ilipotulia aliinama kuchungulia kwenye kioo. Povu lilikuwepo, kisha povu likaondoka. Mashine ikalia kengele yake, mlango ukafyatuka. Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imekwisha, lakini kwa Bi Batuli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Alizitoa nepi zote, akazitia kwenye beseni, akafungua bomba la tenki akazisuuza. Akamwaga. Akasuuza tena, akamwaga tena. Akainusa moja, akaitupa pamoja na zile alizokwisha kuzikamua, halafu akajiuliza kama hiyo ndiyo iliyokuwa na shaka au ni nyingine. Akazirudisha zote majini.

"Mama," Ummy aliita kutoka chumbani alikokuwa amelala na mtoto wake, "hizo si zimeshasuuzwa?"

"Zimesuuzwa na nani?"

"Na mashine."

"Mashine imesilimu lini?"

Ummy alijigeuza kitandani. Alikuwa mzazi mbichi, kitovu cha mtoto ndiyo kwanza kimedondoka, na kugombana na mama yake habari ya maji kulimchosha kuliko uchungu wa kuzaa. Alilala akisikiliza bomba likifunguliwa tena. Maji ya mtaa huo wa Sokon One hutoka kwa zamu, na zamu yenyewe ina mambo yake. Likikauka tenki, mnabaki mkitazamana.

Kinachochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba kufua kwa maji kidogo ndiyo kazi iliyompa Ummy ugali. Alikuwa dobi katika hoteli moja ya watalii, na huko mashine haiwashwi mpaka ijae, shuka hazifuliwi kwa maji ya moto ila zikiwa na doa la sababu, na maji ya kusuuzia mzigo huu hukingwa yakawa ya kufulia mzigo unaofuata. Mume wake, Uwesu, mpiga rangi wa magari kwenye gereji moja ya Ngarenaro, alipompatia mashine ya mtumba, Ummy aliiendesha kihotelihoteli. Aliloweka kwanza. Aliacha nguo zijae. Alifua kwa maji baridi, na maji ya mwisho aliyakinga kwa ndoo, mengine ya chooni, mengine ya deki.

Bi Batuli aliposikia habari ya deki, nusura aanguke.

"Maji yaliyopita kwenye mkojo, uyapakaze sakafu ninayoswalia?"

"Hayo ni ya mwisho, mama, masafi kabisa."

"Masafi kwa macho."

Basi tangu aje kumlea mwanawe, mambo yaligeuka. Nepi zilifuliwa chache chache, eti zisiambukizane najisi. Kidude cha joto alikizungusha mpaka mwisho wake, maana moto, alisema, haujui kusingizia. Na mashine ikishamaliza yake, yeye huanza yake ya mikono. Tenki lililokuwa likiwavusha mgao mzima sasa lilikohoa kabla mgao haujafika nusu, na umeme wa LUKU uliisha kwa namna iliyomfanya Uwesu aisogelee ile mita na kuigonga kwa ukucha, akidhani imeharibika.

Watu wana wasiwasi wa kila namna. Wako wenye wasiwasi wa wezi, wako wenye wasiwasi wa wake zao. Wa Bi Batuli ulikuwa wa twahara, ule usafi wa ibada. Wazazi wake walitoka Kondoa wakahamia Ngarenaro kabla hajazaliwa, na Ngarenaro ndiko alikokulia, akasoma chuo cha Kurani, akaolewa na Abasi fundi baiskeli, na akajulikana, kwa bahati mbaya, kwa maji. Kwenye ua wa nyumba yao ya kupanga, wanawake waliwahi bombani kabla yake. "Akilishika Batuli," walisema, "kalale kwanza." Akitia udhu hufika miguuni akashuku kiwiko, akarudi kwenye kiwiko akashuku uso. Mashati ya Abasi hayakuwahi kuchakaa. Yalififia tu, mwaka hadi mwaka, mpaka yakawa hayana rangi ya kutajika. Mikono yake mwenyewe ilipasuka kama visigino. Abasi hakumgombeza. Maji yakikatika alifunga madumu kwenye baiskeli akaenda kuyatafuta, akarudi akiyasukuma, akayatua mlangoni, akarudi kazini kwake bila kuuliza ni ya nini.

Wengine walimwona Bi Batuli mwenye ibada sana. Wengine walimwona amerogwa. Hakuna aliyemwona mtu mwenye hofu, na hofu ndiyo hasa iliyokuwa ikimkimbiza.

Na pale Sokon One hofu ile ilipata malisho. Mzazi haswali mpaka damu yake ikatike, kwa hiyo Ummy alikuwa haswali. Uwesu alishinda gereji, sala zake aliziswali huko. Mchana kutwa, katika nyumba ile yenye kichanga, mtu pekee aliyesimama juu ya mswala na kumwombea mtoto alikuwa bibi yake. Bi Batuli alilifikiria hilo mpaka usingizi ukamkimbia. Kama nguo yake ina tone, sala haipo. Kama sala haipo, nani anamlinda huyu mtoto? Alikuwa akimbeba mjukuu wake kwa mapenzi yote na kwa woga wote, akimshika mbali kidogo na kifua, akimtazama usoni kama mtu anayepima kitu ambacho anaweza kunyang'anywa.

Halafu kulikuwa na baridi. Ilikuwa ile miezi ambayo ukungu hushuka asubuhi ukakaa mpaka mchana, mlima hauonekani hata msingi wake, na nguo ikianikwa inazidi kulowa. Nepi zilining'inia kambani zikichuruzika. Ummy alisema zikamuliwe na mashine kwa nguvu, zianikwe chini ya bati, kisha zisubiriwe. Lakini Bi Batuli hakujua kusubiri. Alizichukua mbichi akazipiga pasi mpaka zikatoa mvuke, moja baada ya nyingine, na ilipofika katikati ya rundo pasi ikapoa mkononi mwake. Umeme umekwisha. Uji wa mzazi ulikuwa kwenye jiko la umeme, nao ukaganda pale pale.

Siku iliyofuata ikaisha zamu ya maji. Bi Batuli alikwenda ukutani akamwita jirani, Naserian, mwanamke kijana wa upande wa magharibi wa mlima, Mlutheri, mama wa watoto wawili.

"Shikamoo mama," Naserian alisema, akimpitishia ndoo iliyojaa juu ya ukuta. "Ya mtoto hiyo. Sisi kwetu maji tuliyafuata na punda, najua kukosa kulivyo."

"Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie."

Naserian alikuwa bado amesimama kwenye tofali lake, anataka kuuliza mtoto amelalaje, alipomwona Bi Batuli akichovya nepi mbili kwenye ile ndoo, akazikamua, akaimwaga ndoo yote chini kwenye mchanga, akageuka kumtazama, anataka nyingine.  Uso wa jirani Bi Batuli aliuona, na jioni alipokwenda tena ukutani akaambiwa, kwa sauti ya upole sana, kwamba maji yamekwisha, mama, pole. Nyuma ya sauti hiyo bomba la tenki la jirani lilisikika likitiririka. Aibu ilimwingia Bi Batuli mpaka kwenye mifupa, na bado, wallahi, hata katikati ya aibu hiyo alikuwa akijiuliza kama zile nepi mbili zimetakata.

Uwesu naye akasema. Alisema wakati wa chai ya asubuhi, akikata mkate kwa uangalifu ili asimtazame mkwewe.

"Mama, naona umechoka sana. Mama yangu anakuja Jumamosi kutoka Pangani. Nimefikiri, akishafika, wewe nikupeleke Ngarenaro ukapumzike kidogo."

"Arobaini haijatoka," Bi Batuli alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini ukapumzike tu."

Mtoto wa watu alijua kufukuza kwa adabu. Bi Batuli alimtazama Ummy, na Ummy akaangalia ndani ya kikombe, hapo akajua kwamba wamekwisha kulizungumza. Binti yako wa pekee anazaa mtoto wake wa kwanza, wewe ndiye wa kumkanda, wewe ndiye wa kumpikia, kisha unarudishwa mtaani na begi lako kabla ya siku zake. Pale uani watamuuliza, arobaini imetoka? Atawajibu nini? Hilo la watu lilimuuma. La pili lilimuuma zaidi, nalo hakuweza kulisema: akiondoka yeye, nani atamwombea huyu mtoto?

Sababu ya yote haya ilikuwa na jina. Iliitwa Abdulrahman.

Ummy alijua kuwa alitanguliwa na kaka aliyekufa mchanga, kaburi alionyeshwa. Alichokuwa hajui, na hakuna aliyekijua, ni habari ya kanga. Mtoto alikuwa ananyonya tu, hajaonja hata uji, alipopata homa. Hospitali walimpa dawa, wazazi wakarudi naye nyumbani, homa ikashuka, ikapanda. Wiki hiyo bomba la uani lilikuwa kavu. Alasiri moja Bi Batuli, wakati ule msichana tu, alikuwa na mtoto mapajani, na mtoto akamkojolea. Wakati wa sala ulikuwa unakwenda. Ndani mlikuwa na maji ya chini ya jagi, basi. Akatia udhu kwa kuyabana, yaliyobaki akayashika kiganjani akairushia kanga pale ilipolowa, akasimama kuswali, kwa sababu alikuwa na jambo la kuomba. Hajawahi kuomba vile. Alimwomba Mungu kama mtu anayeng'ang'ania nguo ya mwenzake asiondoke. Mtoto alikufa kabla ya Magharibi.

Walipokwisha kuzika, watu walipotawanyika, alikuwa akikunja nguo akaikuta ile kanga, imekauka, ina duara la njano. Ndipo wazo likaingia. Ulisimama mbele ya Mungu na mkojo. Sala yako haikuwa sala. Dua yako haikupokelewa, na mtoto ameondoka. Hakumwambia mtu, hata Abasi. Utamwambiaje mwanamume kwamba mtoto wake amekufa kwa sababu ya kanga? Akaifua kanga ile siku hiyo. Akaifua kesho yake. Mtu akishaanza kusuuza kitu kisichoondoka kwa maji, atamalizia wapi?

Jumamosi Bi Swabaha, mama yake Uwesu, alishuka kwenye basi na mikoba yake ya nazi na dagaa, mwanamke mnene wa Pangani, mwenye mgongo mbovu na mdomo mzima. Alimkumbatia Ummy, akamtemea mjukuu dua, akaagiza chai, akaisifu, akaikosoa, akaketi kwenye kiti cha plastiki kibarazani akiwa amejifunika mablanketi mawili.

"Nchi gani hii? Jua mmelipeleka wapi?"

Uwesu alirudi gereji. Alisema baada ya Alasiri atakuja na gari la rafiki yake kumchukua mkwewe. Begi la Bi Batuli lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa zipu. Yeye mwenyewe alikuwa bado beseni mbele, amekunja mikono ya gauni, anasuuza nepi za mwisho kama mtu anayekimbizana na gari hilo.

"Mwenzangu, hizo nguo utazitoa roho," Bi Swabaha alisema.

"Niache tu, Mama Uwesu. Namaliza."

"Ulisema hivyo kabla sijanywa chai."

 Bi Batuli alianika, akaingia bafuni, akatia udhu, akarudia, akavaa kanga zake za kuswalia, jozi aliyoitenga na nguo zote katika mfuko wake wa peke yake. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Ummy alikuwa bafuni anajikanda maji ya moto, na mtoto akaanza kulia kitandani. Akalia kwa ile sauti inayopanda. Bi Batuli alisimama mlangoni mwa chumba na kanga zake safi akimtazama, mikono ikimwasha. Ni bibi gani anayeweza kusimama hivyo? Akaingia, akamnyanyua, akamlaza begani, akatoka naye kibarazani akimbembeleza. Mtoto alinyamaza, akajinyoosha, na joto likateremka taratibu kifuani kwa bibi yake mpaka tumboni.

Alimpa Bi Swabaha mtoto, akaenda kwenye tenki. Bomba likakohoa, likatema, likatoa uzi wa maji uliojaza kopo moja ukakatika. Akaligonga tenki kwa kiganja. Lililia kitupu kutoka juu mpaka chini. Akasimama pale na kopo mkononi, na machozi yakamtoka, mama mtu mzima, mbele ya mkwe mwenzake.

"Una nini?" Bi Swabaha alishtuka. "Kuna aliyekufa?"

"Kanikojolea. Na tenki limekauka. Na Adhuhuri hiyo inaadhiniwa."

"Hilo kopo si lina maji?"

"Hayatoshi kufua."

"Nani kakwambia ufue? Mtoto wa kiume huyu, anakula ziwa tu, hajaonja chakula. Nyunyizia hapo palipolowa, maji yaenee, kaswali."

Bi Batuli alimgeukia. "Mkojo ni mkojo."

"Mkojo ni mkojo na hukumu ni hukumu. Angekuwa wa kike ningekwambia kafue. Wa kiume anayenyonya hunyunyiziwa, basi. Hili kwetu tulisomeshwa chuoni tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto. Kwani nyinyi huku bara chuoni mlikuwa mkifanya nini, mkiota moto?"

Siku nyingine yoyote Bi Batuli angemrudishia. Ana ulimi wake, waulizeni wa Ngarenaro. Lakini alikuwa amesahau kuchukia.

"Na kama amenyweshwa dawa?" aliuliza.

"Dawa gani? Mtoto anaumwa?"

"Kama amenyweshwa. Ya hospitali. Ya homa."

"Dawa si chakula. Haibadilishi kitu."

"Na kama maji yenyewe yalikuwa ya kiganja?"

"Kiganja kikienea palipolowa, kimetosha."

"Na mtu akiswali nayo, Mama Uwesu? Akiswali nayo hivyo hivyo, imelowa, asiifue mpaka siku ya pili. Sala yake?"

"Nzima."

"Hairudiwi?"

"Irudiwe kwa nini? Nzima, nimekwambia."

"Na dua yake?"

 Bi Swabaha alimtazama yule mtoto mikononi mwake, mzima, anamumunya ngumi yake, hana homa wala hajanyweshwa dawa. Akamtazama Bi Batuli.

"Bi Batuli," alisema polepole, "unaniuliza habari za mtoto gani?"

Akamwambia. Alisema amesimama vile vile, kopo mkononi, kwa maneno machache kwa sababu hakuwa na mazoea ya kuyasema: homa, jagi, kanga, Alasiri. Ummy alikuwa ametoka bafuni, amejifunga kanga kichwani, na alisikia kuanzia jina la kaka yake mpaka mwisho. Alitazama nepi zilizojaa kambani chini ya ukungu. Akatazama mikono ya mama yake. Maisha yake yote alikuwa ameoga, amevaa, amelala katika maji ya jambo hili, na hakuwahi kuliuliza ila kwa kununa.

"Mama," alisema. "Miaka yote hiyo?"

"Adhuhuri inanipita," Bi Batuli alisema.

Alichovya kiganja kwenye kopo, akanyunyizia kanga kifuani, akanyunyizia tumboni, akapapasa kuhakikisha maji yameenea. Kopo lilibaki na maji. Mkono ukarudi wenyewe kuchovya tena, akauzuia, akauficha ndani ya kanga kama mtu anayemficha mtoto mtundu. Akaingia ndani akatandika mswala.

Wasiwasi haukumwacha kwa adabu. Alipopiga takbira ulikuwa umeshamfika sikioni: pale chini ya kwapa hapakuenea, rudi. Aliposujudu ukamwambia unanuka, rudi. Kanga ilikuwa baridi kifuani na ilimwambia yote. Mara mbili aliinua mkono kuivunja sala, mara mbili akaushusha. Aliswali hivyo hivyo, akakosea hesabu ya rakaa, akasahihisha, akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Imekwisha. Hakurudia. Alibaki ameketi pale akishangaa kwamba nyumba bado imesimama.

Alipotoka, Bi Swabaha alikuwa amekwisha kuamua mambo ya nyumba isiyo yake, kama kawaida yake.

"Mpigie mumeo," alikuwa akimwambia Ummy. "Mwambie hilo gari alirudishe. Mgongo huu niinamie beseni? Nimekuja kumwona mjukuu wangu, sikuja kuajiriwa. Mama yako atakaa mpaka arobaini itoke."

"Ndivyo ninavyotaka hata mimi," Ummy alisema. "Ila mashine naiendesha mimi, mama. Inajaa ndiyo inawashwa. Na maji baridi."

"Na ya deki?" Bi Batuli aliuliza.

"Ya deki tutaonana."

Ilikuwa saa ya kucheka, na Bi Swabaha alicheka kwa niaba ya wote, mtoto akirukaruka juu ya tumbo lake. Bi Batuli alifungua zipu ya begi, akatoa kanga moja, akaifunga zipu, akaifungua tena. Alikuwa amepata alichokuwa akikitaka. Hatafukuzwa. Sala ya siku ile ilikuwa nzima, miaka yote ilikuwa nzima, na badala ya kupumua, alijikuta akizunguka uani, kutoka kwenye kamba hadi kwenye tenki, kutoka kwenye tenki hadi ukutani, hana cha kushika. Maana kama sala ilikuwa nzima, basi ilifika. Na kama ilifika, mbona mtoto alikufa? Kanga ile ilikuwa ni jibu. Jibu baya, lakini alilijua, alilala nalo, alilifua. Sasa wamemnyang'anya hata hilo.

Akachukua simu akampigia Abasi. Kelele za nyundo zilisikika kwanza, kisha sauti yake.

"Vipi, Mama Ummy? Maji yamekatika?"

"Abasi, unaikumbuka siku aliyokufa Abdulrahman?"

Nyundo ikanyamaza. Jina lile walikuwa hawajalitamka baina yao tangu Ummy akiwa tumboni.

"Naikumbuka."

"Alinikojolea. Maji yalikuwa hakuna. Nikainyunyizia kanga nikaswali nayo, nikamwombea. Nikadhani haikupokelewa kwa sababu ya najisi. Miaka yote nimedhani ni mimi." Akavuta pumzi. "Leo Mama Uwesu ameniambia ilikuwa sahihi. Sala ilikuwa nzima, Abasi. Haikuwa na kasoro."

Kwenye simu ilisikika nyundo ikiwekwa chini.

"Batuli," Abasi alisema. "Hata mimi nilimwombea siku ile. Alasiri ile ile, msikitini, safu ya mbele. Kanzu yangu uliifua wewe mwenyewe, ilikuwa nyeupe, haina hata tone."

Bi Batuli aliketi chini, pale pale penye mchanga uliolowa. Hakuna aliyekata simu.